Kabla ndege ya mwisho haijatua: pesa ya tiketi iko kwa nani?

Hotuba kwa wauza tiketi, wapeleka mizigo na wafanyabiashara, wilayani Kamalondo, Lubumbashi. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimerefusha sehemu mbili ambazo siku ile muda ulinibana.

Jambo sana, wamama na wababa. Jambo pia kwenu vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti.

Wote tunajua kilichotuita hapa. Kuna shirika moja la ndege ambalo habari zake zimejaa mjini, kuanzia soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, hadi kwenye vibanda vya nje ya uwanja wa ndege wa Luano. Huyu anasema limekwisha, yule anasema limebakiza ndege moja, mwingine amemsikia rubani akilalamikia mshahara wa miezi mitatu. Sitalitaja jina. Kila mtu humu ndani analijua, na wala siogopi. Silitaji kwa sababu katika kazi yetu uvumi peke yake unaua. Mwenye duka la nguo akisemwa vibaya, nguo zake bado zimo dukani. Shirika la ndege likisemwa vibaya, mwuza mafuta anadai pesa mkononi kabla ya kufungua bomba, mwenye ndege anatuma mtu wake aje kuangalia injini, na abiria anahamia kwa jirani. Hata kama habari ilianza kama uongo, wiki mbili zinatosha kuifanya kweli.

Nimeombwa niseme athari za kuanguka kwake kwa usafiri wa anga katika mji huu. Nitazisema. Lakini naomba tangu sasa mshike swali moja, maana nitalirudia hadi mchoke: pesa ya tiketi ambayo haijasafiriwa iko kwa nani?

Angalieni namna kazi hii ilivyo. Mama anayeuza samaki anatoa samaki, anapokea pesa, wanaagana. Shirika la ndege linapokea pesa leo na kutoa safari baada ya mwezi, au miwili. Katika mwezi huo pesa ya yule msafiri haikai kwenye sanduku ikimngoja. Inanunua mafuta ya ndege inayoruka asubuhi hii, yenye watu waliolipa mwezi uliopita. Pesa ya hao ilinunua mafuta ya waliowatangulia. Shirika likiwa na afya hakuna ubaya, mto unaendelea kutiririka. Likianza kuugua, mto ule ndio unaolibeba, na wenye mto hawajui kwamba wamegeuka wakopeshaji. Hawakuulizwa. Hawana karatasi ya mkopo wala riba. Wana tiketi.

Ndiyo maana bei ikishuka ghafla mwezi wa Desemba, wakati kila mtu anatafuta kiti, mimi sifurahi. Naanza kuuliza. Shirika linalouza kiti cha Desemba kwa bei ya Februari lina njaa ya pesa ya leo.

Wazee wetu hapa wanaikumbuka Sabena. Ilikuwa na safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo tangu 1935, na kwa watu wa mji huu jina lile lilikuwa sawa na neno bulaya, yaani Ulaya. Sehemu kubwa ya hisa zake, 49.5 kwa mia, ilikuwa mikononi mwa Swissair ya Uswisi, shirika ambalo watu walilinganisha na benki kwa uthabiti wake. Tarehe 2 Oktoba 2001 ndege za Swissair zilisimama. Ndege zilikuwapo, marubani walikuwapo wamevaa sare, abiria walikuwa kwenye foleni. Kilichokosekana ni pesa taslimu ya mafuta, kwa sababu wauzaji walikuwa wamekataa kukopesha hata siku moja zaidi. Wiki tano baadaye, tarehe 7 Novemba, Sabena nayo ilitangazwa kufilisika. Kati ya kusimama kwa moja na kufa kwa nyingine mlikuwa na siku 36. Basi mtu asiniambie kwamba shirika fulani ni kubwa mno, haliwezi kutuacha Luano na masanduku yetu.

Na sisi tumeachwa, tena si mara moja. Air Zaïre ilifilisika 1995. Hewa Bora ilisimamishwa 2011 baada ya ajali ya Kisangani ya tarehe 8 Julai. Kisha tukapata Korongo, ambalo lilikuwa la kwetu kabisa: makao yake yalikuwa hapa Lubumbashi, wenye mali wakiwa Brussels Airlines na kundi la kampuni za Forrest. Lilianza 2012. Nakumbuka wateja wangu walivyojivunia kuona ndege yenye jina la Kiswahili ubavuni, ikitoka kwetu kwenda Kinshasa na Johannesburg. Septemba 2015 lilifungwa. Miaka mitatu na miezi kidogo.

Naomba niwaeleze jambo lililonipata mimi. Jina la shirika nalo nitaliacha, maana watu wake wengi bado tunaishi nao. Nilikuwa nimeanza ajansi yangu mwenyewe ya kuuza tiketi, meza moja na simu mbili. Mashirika mengi ya hapa hayamkopeshi ajansi mdogo: unaweka amana kwanza, unauza, amana inapungua, unaongeza. Nilikuwa nimetoka kuongeza. Ijumaa mchana nikauza tiketi ya mama mmoja wa Katuba aliyekuwa akimpeleka mtoto wake Kinshasa kufanyiwa upasuaji. Jumatatu ofisi ya shirika ilikuwa na kufuli. Hakukuwa na tangazo, ni kufuli tu na mlinzi asiyejua kitu. Siku hiyo nilikuwa na tiketi 43 mikononi mwa watu ambao walilinunua neno langu. Shirika hawakuwahi kulijua, walinijua mimi. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi langu na mtoto magotini hadi saa kumi na moja jioni, akidhani kwamba nikitaka naweza kufungua ile kufuli. Nilimkatia tiketi nyingine kwa deni. Wengine niliwalipa kidogo kidogo kwa miezi 14. Amana yangu sijaiona hadi leo.

Nilikwenda kuuliza haki yangu. Mwanasheria akanichorea mstari. Kampuni inapofilisika, wanaodai hawaingii mlangoni pamoja. Mbele wanasimama wenye dhamana, yaani aliyekopesha kwa kushika mali. Pamoja nao wako wafanyakazi kwa mishahara yao, na Leta, yaani serikali, kwa kodi yake. Nyuma kabisa wanasimama wasio na chochote cha kushika, na huko ndiko walikowekwa msafiri na ajansi. Na msidhani kuna mali nyingi ya kugawana. Ndege zenyewe mara nyingi ni za kukodi. Mwenye ndege anakuja na karatasi zake na rubani wake, anaondoka nayo. Kinachobaki ni meza, kompyuta, magari mawili ya kusukuma mizigo na sare.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa aliyekula harusi ni mwingine na anayeketi matangani ni mwingine.

Sasa nije kwenye usafiri wenyewe. Vijana wengi wananiambia: mama, moja likianguka mengine yatachukua nafasi, biashara ndivyo ilivyo. Ni kweli kwa njia moja tu, ile ya Kinshasa. Kati yetu na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na asiye na ndege atapanda treni ya SNCC, shirika letu la reli, hadi Ilebo na kuingia mashua kwenye mto Kasai. Hiyo si safari ya kupanga kwa siku, hata kwa wiki hupangi kwa hakika. Kwa hiyo njia ya Kinshasa haikosi mtu wa kuichukua. Shirika lililobaki litatoa ndege yake mahali fulani na kuileta hapa kwenye pesa. Itaitoa wapi? Itaitoa Kalemie. Itaitoa Manono. Miji midogo ambayo ndege ilikuwa inakwenda mara mbili kwa wiki itapata mara moja, kisha mara moja kwa wiki mbili, kisha ahadi. Tunaposema shirika la Lubumbashi limekufa, aliyezikwa yuko Manono, na hatujui hata alikuwa anaumwa. Goma tumejifunza somo hili kwa njia nyingine: uwanja ulipofungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita, ndugu zetu wa kule walikatwa, na mashirika yakabaki na ndege na wafanyakazi waliopangwa kwa ajili ya njia ambayo haikuwapo tena. Mashirika yetu yameanza kubeba majeraha kabla hata ya hili jipya.

Bei itapanda, hilo mnalijua. Nchini India, Jet Airways iliposimama tarehe 17 Aprili 2019, nauli zilipanda katika njia nyingi, na India ni nchi yenye mashirika makubwa yaliyokuwa tayari kuingia, yakachukua hata ndege zile zile na kuzipaka rangi upya. Sisi hatuna watu wanaongoja mlangoni na ndege.

Lakini kuna kupanda kwa bei ambako hakuonekani kwenye tiketi, na hapo ndipo nataka wenzetu wa mashirika mengine wasikilize, kama wapo humu. Wasifurahie msiba wa jirani. Mwenye kukodisha ndege, aliyeko Dublin, hasomi majina yetu moja moja. Anasoma jina la nchi. Shirika moja la Kongo likimkimbia na deni la miezi sita, atakayekwenda kwake kesho ataombwa dhamana kubwa zaidi, awe mwaminifu kiasi gani. Mwenye bima atafanya vivyo hivyo. Mwuza mafuta wa hapa, ambaye mafuta yake yanakuja kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa na ambaye naye ana watu wanaomdai, atafuta mikopo ya wote. Tangu 2006 mashirika yaliyoandikishwa kwetu hayaruhusiwi kuruka Ulaya. Aibu ya mmoja imegawanywa sawa kwa wote, na bei yake inalipwa kwenye kila kiti.

Fikirieni pia uwanja. Mnara wa kuongozea ndege hauwezi kuajiri nusu mtu. Gari la zimamoto la Luano lazima liwe na maji na dereva, zikitua ndege kumi au zikitua nne. Taa za njia ni zile zile. RVA, shirika la Leta linaloendesha viwanja vya ndege, inaishi kwa malipo ya kutua, kuegesha na kuongozwa angani. Shirika linaloyumba huacha kuilipa RVA mapema sana, maana ndiyo mdai mwenye subira. Siku likizama, deni lile linazama nalo, na gharama za mnara wanagawiwa wachache waliobaki.

Kuhusu mafundi nitasema kidogo, ingawa jambo lao linaniuma. Fundi wa ndege hana cheti cha ndege zote. Ana idhini ya aina fulani. Aliyezoea Airbus hawezi kesho kusaini kwamba Boeing iko salama, lazima asome tena, na masomo hayo ni ghali. Shirika likifa, wale wenye bahati wanakwenda Johannesburg au Addis Ababa na hawarudi. Wengine wanafungua gereji za magari hapa Kampemba. Miaka kumi ya ujuzi inaishia kwenye breki za teksi.

Na mizigo. Wamama wa chikwange, ule mkate wa muhogo, na fumbwa, ile mboga ya majani, kutoka Kinshasa, nimewaona mmekaa pale mbele. Ninyi hamsafiri na ndege ya mizigo. Mnasafirisha kwenye tumbo la ndege ya abiria, kwa kilo, chini ya miguu ya watu. Ndege hiyo ikiondolewa, abiria anaweza kuahirisha harusi, fumbwa haiahirishwi. Mtashindania tumbo moja lililobaki pamoja na wenye dawa, wenye vipuri na wenye simu, na anayeweza kulipa zaidi kwa kilo ndiye atakayepita. Kampuni kubwa za migodi hazitakuwa kwenye foleni hiyo, zinakodi ndege zao.

Wengine mnasema: Leta itaokoa. Inawezekana. Nchi ya Kenya ilibeba shirika lake miaka mingi ya hasara, hadi likatangaza faida kwa mwaka 2024. Afrika Kusini iliingiza shirika lake, SAA, kwenye mpango wa uokoaji wa kisheria Desemba 2019, na ndege zikarudi angani Septemba 2021, zikiwa chache kuliko zamani. Jirani zetu wa Zambia walifanya kinyume: 1994 waliifunga Zambia Airways, na jina lile halikurudi angani hadi Desemba 2021, safari hii wakishirikiana na Ethiopian Airlines. Hata sisi Air Congo iliyoanza Desemba 2024 imejengwa hivyo, Leta 51 kwa mia na Ethiopian 49. Sina ugomvi na njia yoyote kati ya hizo. Ila msifikiri kwamba mkono wa Leta ni ngao tosha. Mwaka 2015, kabla Congo Airways, shirika la Leta, haijaruka hata safari moja, ndege yake ilizuiwa na mahakama huko Dublin kwa ajili ya watu waliokuwa wakiidai Leta yenyewe, deni lisilohusiana na usafiri. Na pesa ya uokoaji ikija, inakwenda kwanza kwa anayeweza kuzuia ndege isiruke: mafuta, injini, bima. Msafiri hawezi kuzuia ndege. Kwa hiyo hakumbukwi.

Nilisema nitalirudia swali. Pesa ya tiketi iko kwa nani?

Uingereza, tarehe 23 Septemba 2019, kampuni ya Thomas Cook ilianguka usiku. Waingereza kama 150,000 walikuwa nje ya nchi. Karibu wote walirudishwa nyumbani, kwa ndege zilizokodiwa na mamlaka yao ya anga. Kule, anayeuza safari ya ndege pamoja na hoteli huchangia pauni 2.50 kwa kila mteja kwenye mfuko uliotengwa, nao mfuko huo unashikwa na mtu mwingine, mbali na shirika. Pauni mbili na nusu. Hiyo ni pesa ya chupa mbili za maji pale Luano.

Sisi hatuwezi kusema hatuna mazoea ya kuchangia. Go Pass, yale malipo ya msafiri uwanjani, ilipoanza 2009 tuliambiwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na tukalipa. Hakuna anayepanda ndege Kongo bila kulipa. Pesa ile ilitengwa kwa ajili ya viwanja, na viwanja vinaihitaji, mimi sisemi ivunjwe. Nasema mlango wa kukusanyia upo tayari, karani yupo, karatasi ipo. Dola moja juu ya kila safari ya ndani, iwekwe kwenye akaunti ambayo shirika la ndege haliwezi kuigusa wala Leta haiwezi kuikopa, isimamiwe na mamlaka ya anga pamoja na wawakilishi wa wasafiri na ajansi. Shirika likisimama, mfuko unamnunulia msafiri kiti kwa jirani, na jirani analipwa. Hilo ndilo nimekuja kuliomba, na barua nimekwisha kuiandika. Naomba sahihi zenu.

Kijana mmoja wa mlangoni aliniuliza: mama, basi kuanzia kesho tuache kuuza tiketi zake? Nilimjibu hapana, na narudia hapa kwa kirefu. Tukiacha wote kesho asubuhi, tumelizika sisi kwa mikono yetu, na waliokwisha kulipa ndio wataingia kaburini nalo. Tuuze safari za karibu, siku saba mbele na si zaidi. Tusichukue vikundi vya harusi wala vya matanga kwa pesa yote, tuchukue nusu. Amana tuiongeze kwa kiasi cha wiki moja, hata wakitushawishi kwa kamisheni nzuri. Na kila mteja aambiwe kwa mdomo, kabla hajatoa pesa, kwamba kiti hiki ni cha shirika gani na kwamba ajansi haishiki pesa yake. Nilipouza tiketi ile ya Ijumaa sikumwambia yule mama hivyo. Sikujua kwamba ninapaswa.

Kuna daftari kwenye meza ya mlangoni. Tunaomba kila ajansi iandike idadi ya tiketi za shirika hili ambazo hazijasafiriwa, tarehe za safari, na ni wangapi kati ya wasafiri ni wagonjwa au wanafunzi. Majina ya wateja msiyaandike. Jumatano tutalipeleka daftari hilo pamoja na barua kwenye ofisi ya mamlaka ya anga na kwa uongozi wa shirika lenyewe, ili wasije wakasema hawakujua ni watu wangapi. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza. Mimi nina tiketi 17. Wanne ni wagonjwa.